Mbao za Mtumbwi Kwenye Pipa la Kuku

Baba Akeyo,

Uji wa watoto uko kwenye chupa. Akeyo anywe dawa akishakula, si kabla.

Nimeenda Maseno kwa Mama, mikono mitupu. Wazee wanaokuja kumposa mdogo wangu wanafika leo saa nane, na wale kuku wanne wa moshi niliowaahidi wako hapo nje kwenye pipa, wananuka lami. Tangu jana nawakausha polepole kwa kuni za mpera. Leo asubuhi nimekuachia moto dakika kumi tu nikaoge, ukatia mbao za mtumbwi mkuukuu wa ndugu yako, zilizopakwa lami! "Moto ni moto tu," ukaniambia, tena unacheka.

Kwenu Usenge mnakaangia samaki kwa mbao hizo. Sawa, kuna karai katikati. Kuku wangu walikuwa wananing'inia ndani ya moshi wenyewe! Nimeonja bawa. Ni kama kulamba barabara mpya.

Sasa nitanunua kuku njiani, nichinje wageni wakiniangalia, kama mtu aliyesahau siku.

~~Nitarudi kesho.~~ Nitarudi Jumapili, nikipoa.

Maziwa yachemshwe. Hao kuku usimpe jirani, yeye hajanikosea.

Firigisi ni za baba wa nyumba, na mimi mila sivunji. Zilikaushwa pamoja na kuku, zote nne. Nimekuwekea kwenye sahani, nimefunika vizuri.

Uzimalize.

Mama Akeyo