Moja Hatujambo, Mbili Tuna Shida

Jumatatu, 3 Juni 2024

Nkoaranga, kijijini kwa wakwe. Baridi ya kufa mtu! Nice ana siku tisa leo.

Mama mkwe ananilea uzazi kwa sheria za kwao. Mzazi hatoki nje miezi mitatu. Mtori wa ndizi asubuhi, supu mchana, mtori tena jioni. Hata simu sishiki! Eti mwanga wake unakausha maziwa. Anatembea nayo yeye.

Mpaka sasa naweza. Vidonge vyangu viko ndani ya pakiti ya pedi, pale hakuna anayegusa. Dawa ya Nice nampa alfajiri, mama akienda kukamua ng'ombe. Mara moja kwa siku, wiki sita. Mimi nilianza dawa mimba ikiwa na miezi saba, nimechelewa, kwa hiyo sista Anna wa kliniki alinikazia macho: ya mtoto usiruke hata siku moja, ndiyo inayomkinga asichukue virusi vyako. Sawa sista. Sijaruka.

Mama anadhani naandika nyimbo za kwaya. Acha adhani.

Jumatano, 5 Juni

Yamenikuta. Ng'ombe kagoma kutoa maziwa, mama karudi mapema, kanikuta na chupa mkononi — hata sijaifungua. Hiyo nini? Nikasema dawa ya tumbo. Tumbo! Ndilo lililonijia.

Akaichukua kwa upole. Mtoto wa siku kumi na moja hanyweshwi madawa ya dukani, kasema, yeye kalea sita kwa ziwa tu na wote wazima. Kaiweka kwenye kabati la vioo, katikati ya glasi za wageni. Kafunga. Ufunguo kaufunga kwenye pindo la khanga.

Chupa naiona kutoka hapa kitandani. Afadhali angenigombeza.

Ijumaa, 7 Juni

Siku ya tatu Nice hajanywa.

Nimebaki na tumaini moja, ile meseji ya kliniki. Kila siku saa tatu asubuhi: Habari mama. Hamjambo wewe na mtoto? 1 Hatujambo, 2 Tuna shida. Haitaji ugonjwa, ndiyo maana nilikubali namba yangu iandikwe. Ukijibu mbili, sista anapiga. Ukikaa siku mbili bila kujibu, anapiga. Basi zimeanza juzi, kama sista alivyosema, na mimi simu sina, sijajibu hata moja. Leo lazima apige.

Jioni. Hajapiga.

Jumapili, 9 Juni

Mama karudi kanisani na furaha zake. Nikamuuliza kiujanja kama kuna mtu alinitafuta kwenye simu.

Hakuna, kasema, ila zile salamu za kila asubuhi. Nazijibu, mwanangu, usiwe na wasiwasi. Nabonyeza moja.

Mungu wangu! Kwake salamu hailali bila kujibiwa. Hujambo, sijambo — hata maiti ikiwa ndani, kwanza hatujambo, ndipo useme tumefiwa. Kaona ananisaidia! Na huko kliniki wanajua Nice anakunywa dawa kila siku, hatuna neno.

Nikalia mbele yake. Akasema ni maziwa yanapanda, wazazi wote hulia. Akaniongezea mtori.

Jumatatu, 10 Juni

Kwa nini nisimwambie tu? Kwa sababu kumwambia mama ni kumwambia mwanawe Solomoni. Mwaka jana jirani yetu kule mjini, Sombetini, alipojulikana anao, mume wangu alisema mwanamke akimletea yeye ule ugonjwa, ataondoka siku hiyo hiyo na mtoto atabaki. Alikuwa anakula. Wala hakuinua kichwa.

Yuko mlimani anapikia watalii. Anashuka mwisho wa wiki.

Jumanne, 11 Juni

Siku ya saba. Nimechokoa kabati kwa mpini wa kijiko. Mama huyu hapa mlangoni! Kama unataka glasi si uniambie, kasema. Akafungua, akanipa glasi, akafunga. Nimekaa na glasi tupu kama mwendawazimu.

Nice kapiga chafya mbili. Naogopa hata chafya.

Jumatano, 12 Juni

Usiku nimeamua. Nikifukuzwa nitafukuzwa na mtoto mzima.

Saa tatu meseji ikaingia. Mama akavaa miwani. Nikasema mama, leo jibu mbili.

Tuna shida? Shida gani iliyopo nyumbani kwangu? Hujala? Hujaogeshwa? Macho yakamjaa, maskini. Nikasema tena: mbili. Akabonyeza kwa hasira.

Hazikupita dakika kumi, simu ikaita. Hakunipa. Aliishika mwenyewe, kaweka spika, mbali na kifua changu. Sista Anna huanza na swali lile lile: Mama Nice, uko peke yako? Ukisema hapana, anakusalimia tu na kukata. Ndiyo sheria yao.

Mama ananitazama. Chupa iko nyuma yake. Nikasema: siko peke yangu, niko na mama mkwe. Sema tu, sista. Mtoto ana siku saba hajanywa dawa.

Sista akauliza kama nina hakika. Akauliza tena. Nikasema ninayo. Basi akasema yote, akautaja ugonjwa kwa jina lake. Akasema mpe sasa hivi, halafu mlete leo leo, tumpime.

Mama akavua miwani. Akafungua pindo la khanga, akauweka ufunguo kitandani — hakunipa mkononi, aliuweka. Akatoka na simu yangu.

Nimempa Nice dawa. Kakunja uso, kameza yote. Nimemfunga mgongoni, viatu nimevaa, pakiti ya pedi iko kwenye mfuko. Mama yuko uani, karibu na dirisha. Nasikia kila neno.

Haloo, Solomoni? Uko peke yako?