Gayogayo Amefika Kakuma

Jumamosi jioni, Kakuma. Vumbi limelala kwa sababu ya mvua ya jana, upepo ni mwanana, na mikono yangu bado inanuka samaki wa baharini. Nimeiosha kwa sabuni, nikaiosha kwa ndimu. Sitaiosha tena.

Nina furaha leo, na nataka kuiandika kabla haijapoa.

Mimi ni mwalimu wa baiolojia. Nilizaliwa Lodwar, nikasomea Eldoret, na bahari sijawahi kuiona. Miaka yote hii nimefundisha viumbe wa baharini kwa mdomo na chaki. Juzijuzi nilikuwa nawaeleza kidato cha tatu habari za gayogayo, samaki bapa anayeishi chini kabisa, kwenye mchanga na tope. Nikawaambia huyu huanza maisha kama samaki wengine, jicho moja huku na jingine kule, akiogelea wima. Halafu, akiwa bado mdogo sana, jicho moja huanza kuhama. Hupanda kichwani, likavukia upande wa pili. Naye hushuka chini, akalala ubavu, macho yote mawili yakitazama juu.

Darasa likaangua kicheko. Nyakong hakucheka. Ni msichana wa Sudan Kusini, anaishi kambini na shangazi yake, na hakuna anayemshinda darasani. Alikuwa ameshaniambia anataka kuacha baiolojia kwa sababu ni kukariri tu vitu vya mbali.

"Mwalimu, wewe hiyo samaki umeiona?"

"Hapana."

"Sasa unajuaje si uongo?"

Nikajikuta nasema, mbele ya darasa zima, kwamba nitamleta wamwone.

Mdomo huponza kichwa.

Aliyeniokoa ni Mama Hodan, mzazi mwenzetu pale shuleni, Msomali wa Kismayo anayeuza maziwa ya ngamia na nyama sokoni kambini. Nilipomweleza alicheka mpaka akakaa chini. "Gayogayo! Mwalimu, hiyo nimekula nikiwa mtoto!" Papo hapo akampigia mpwa wake, ambaye lori lake huleta bidhaa kutoka Mombasa. Samaki akanunuliwa, akagandishwa, akafungwa kwenye sanduku la barafu. Ila lori lilikuwa linaishia Lodwar. Kumfikisha Kakuma ilikuwa kazi yangu.

Jana asubuhi nikamchukua Lodwar. Nikaongeza barafu, nikazungushia sanduku magunia mabichi, nikalipakia kwenye pikapu ya mjomba wangu Lokwang, aliyekuwa anapeleka ngozi za mbuzi Kakuma.

"Ejok, mama," akanisalimu, kisha akalitazama lile sanduku. "Huyo ni samaki? Watu wetu wana ngamia, wewe unabeba samaki kama maiti ya mzee!"

Alinicheka njia nzima, hadi tulipofika kwenye laga. Mvua ilikuwa imenyesha milimani, na pale ambapo kila siku ni mchanga mtupu palikuwa na mto wa maji mekundu unaokokota miti. Hatungeweza kuvuka. Tukangoja. Jua lilitoka, likapanda, likachoma. Maji yakaanza kudondoka chini ya sanduku, tone kwa tone, na kila tone nililiona kama aibu yangu mbele ya Nyakong.

Nikakaa kando ya sanduku, nikalia. Ndiyo, nililia kwa ajili ya samaki.

Mjomba alivua shuka lake, akalichovya kwenye laga, akalifunika sanduku. Likikauka analichovya tena. "Huyu ametoka mbali," akasema. "Hawezi kuozea kwetu."

Maji yalipungua alasiri. Tulivuka yakigonga milango ya gari. Mama Hodan alikuwa ametungoja na friza yake wazi.

Leo nikafungua mbele ya darasa furushi la magazeti alimofungwa samaki. Nilitarajia samaki mmoja. Walikuwa wawili!

Wagumu, baridi, macho yanang'aa. Hawakuharibika hata kidogo.

Nikamwita Nyakong mbele. Akaweka kidole kwenye jicho la kwanza, akalitafuta la pili. "Iko pande moja," akasema polepole. Kisha akapiga kelele: "Zote mbili ziko pande moja!" Jicho la juu lilikuwa ukingoni kabisa mwa kichwa, kana kwamba lilichoka kabla ya kumaliza safari. Ndivyo gayogayo alivyo. Kwa samaki bapa wengine, ndugu zake, jicho huvuka kabisa.

Tukamgeuza yule wa pili. Macho yake yalikuwa upande wa kushoto. Ya mwenzake yalikuwa kulia! Nilikuwa nimesoma kwamba kwa samaki huyu pande zote mbili hutokea, lakini kusoma ni kusoma. Nilipiga vigelegele, mimi mwalimu mzima, na wanafunzi wakapanda juu ya madawati.

Tukampasua mmoja. Tumboni mlikuwa na samaki mdogo, amemezwa mzima, mkia wake bado umekamilika. Basi kila mtu akaelewa kwa nini ana meno makali vile, na rangi ya tope. Huyu hamkimbizi samaki yeyote. Hulala kimya chini, akangoja chakula kipite.

Wa pili alikaangwa na Mama Hodan. Aliposikia harufu ikipanda kwenye mafuta alifuta macho kwa ncha ya mtandio, akasema ni moshi. Mjomba Lokwang alikula vipande vitatu.

Nyakong alinifuata nikifunga darasa.

"Mwalimu, wakati jicho linahama, linaona? Ama linafunga kwanza?"

"Sijui," nikamwambia.

"Basi Jumatatu tutafute."

Tutafute, alisema. Kesho ni Jumapili. Sijui kama nitaweza kungoja mpaka Jumatatu.