Mlangoni Siku ya Mawaridi

Oakland, 14 Juni 2009

Kwa Dada Diem,

Nakuamkia kwa heshima. Natumaini magoti hayakusumbui tena, na kwamba shemeji ameacha sigara kama alivyoahidi. Mwili wangu hauna ugonjwa.

Juzi, wewe na akina mama wa hekalu lenu la Kibudha mlipotuletea chakula kwenye mafungo ya ukimya ya jumuiya moja, mmoja wa wale uliowapakulia wali alikuwa mimi. Huenda hukuniona, maana niliinamisha kichwa. Tukiwa mafungoni hatusemi wala hatutazamani. Lakini kanuni hiyo imewekwa ili kutuliza moyo, nami niliitumia kama pazia. Hakuna ambaye angenilaumu kwa kumwamkia dada aliyenilea. Niliona aibu ujue jumuiya ile ni ya nani: wanaume wapendao wanaume, wanawake wapendao wanawake, na wengine walioikataa jinsia waliyopewa walipozaliwa. Hao ndio ninaotafakari nao kila Jumapili, wala si wanafunzi wa masomo ya ziada kama nilivyokuwa nikikudanganya.

Sikuombi jibu. Sikutaka tu ulisikie kwa mtu mwingine.

Mdogo wako,
Khiem

San Jose, 16 Agosti 2009

Mdogo wangu Khiem,

Marahaba. Unakula vizuri? Shemeji yako anavutia sigara nyuma ya gereji akidhani sina pua. Nimekawia kujibu kwa aibu, si kwa hasira.

Nilikuona. Mtawa mkuu alikuwa ametueleza garini tunaowapikia ni watu gani, akasema tupike vizuri kwa kuwa wengi wamefungiwa milango kwao. Niliitikia kwa sauti kuliko wote. Kisha ukaja wewe na bakuli. Nikakujazia, Bi Huong, msimamizi wa jiko letu la hekalu, akaninong'oneza: "We Diem, mlima wote huo? Unataka kumwozesha?" Akatazama vizuri. "Jamani, si mdogo wako huyu?" Nikamjibu: "Wangu yuko Houston." Bakuli lako lilikuwa bado mikononi mwangu.

Vu Lan, sikukuu yetu ya kuwakumbuka wazazi, inakuja, na mwaka huu ni mimi nitakayesimama mlangoni kuwabandika watu mawaridi vifuani, jekundu kwa mwenye mama, jeupe kwa aliyefiwa. Zamani ulikuwa hukosi. Ukija, sijui nitasema nini. Afadhali nikuandikie hivyo kuliko kukuahidi.

Dada yako,
Diem

Oakland, 24 Agosti 2009

Dada,

Shikamoo. Huku tu wazima.

Nilisikia ulivyomjibu Bi Huong. Barua ya kwanza niliiandika kwa uangalifu ili ikuachie nafasi ya kusema kwamba hukuniona, nikadhani huo ni upole. Nikiuchunguza, naona ulikuwa woga: nilitaka tuendelee kuwa ndugu kwa sharti la kutotazamana. Kwa miaka nimewafundisha wengine jinsi ya kuitazama aibu bila kuikimbia, nami sikuiweza hata kwa muda wa kupakuliwa wali.

Nitakuja Vu Lan. Nitakuja na Anselmo, ambaye ninaishi naye kama mwenzi. Useme utakavyosema; ila safari hii nitainua uso.

Mdogo wako,
Khiem

San Jose, 8 Septemba 2009

Mdogo wangu,

Mlifika salama? Tangu juzi nayarudia kichwani ya pale mlangoni.

Nilisema, "Huyu ni mdogo wangu, Khiem," nikakubandika waridi jeupe. Nikajiona shujaa. Ndipo Bi Huong alipomgeukia Anselmo: "Na huyu baba mrefu?" Nikasema, "Dereva. Kamleta tu." Ukanitazama. Ningetoa chochote uiname. Anselmo ndiye aliyeniokoa: "Na dereva anapata ua, dada? Mama yangu yu hai, tena ana kelele." Nikampa jekundu bila kumtazama usoni.

Leo asubuhi nimempigia Bi Huong. Nimemwambia, "Yule si dereva. Ni mwenzi wa mdogo wangu, wanaishi pamoja." Akajibu: "Diem, Jumapili mchele wa hekaluni ataosha mtu mwingine." Akakata.

Basi Jumapili sina pa kwenda. Njooni mle kwangu, wote wawili. Muulize Anselmo ni chakula gani hakipendi. Mwambie anayeuliza ni dada yake pia, kama atanikubali.

Dada yako,
Diem