Nani Atanisomea Njia ya Nyangezi?

Yaya Murhula, mukubwa wangu,

Gari imefika. Nakuambia hilo kwanza kwa sababu nakujua weye, salamu zikiwa ndefu unaziruka. Imefika nzima. Breki tu ndizo zilinuka kidogo.

Tangu ulipoenda na ile homa, ambayo sisi wote tulisema ni malaria tu, nyumba ya Bagira imekuwa kubwa. Mama bado anapika ugali wa watu watatu. Mimi nakula na fungu lako. Siku za matanga watu walijaa mpaka barabarani, viti vikaisha, na tonton, baba yetu mudogo, akaenda kutoa vile viti vya nyuma vya gari, vile tuling'oa ili iwe nyepesi. Wazee wa parokia wakakaa juu yake na rozari zao, magoti yakiwafika kidevuni. Kicheko kilinibana, Yaya. Nikakutafuta kwa macho ili tucheke wawili, na ni hapo nilielewa kwamba umekufa. Kaburini sikuelewa, ni hapo. Nikaingia jikoni nikaosha sahani.

Watu walitucheka sana, unakumbuka? Walisema mbio za gari ni za watoto wa matajiri. Sisi tulikuwa na kagari kekundu ulikokakuta nyuma ya garaji ya kazi yako, kuku wanatagia ndani. Ukasema tuanze na tulicho nacho. Kwanza breki, kisha mukaba wa kujifunga kitini, kisha pine za magurudumu, na moteur, injini yenyewe, ikae vile iko. "Mutu anaanza na kujua kusimama," ulikuwa unaniambia kila mara nikitaka tuongeze mwendo. Kofia ngumu tuliazima kwa motari, wale wabeba watu kwa pikipiki pale rond-point. Ya kwangu ilinuka jasho la watu wote wa Bukavu, mpaka nikaweka kitambaa cha Mama ndani. Weye usukani, mimi pembeni nakusomea njia.

Na ile njia sasa! Wengine wanahesabu mita. Sisi tuliisoma barabara ya Nyangezi kwa watu wake: kwenye bomba la maji kata kushoto, kwa mwenye mbuzi tulia, kwa Maman Cibalonza wa ndizi kanyaga breki yote. Tulijizoeza hivyo majuma mengi. Siku ya mbio zetu za kwanza, chef wa kijiji akafunga barabara na kuondoa wauzaji wote, watu wasigongwe. Maman Cibalonza naye akabeba ndizi zake akaenda. Mimi nangoja nimuone ili nipige kelele. Nangoja. Tukaingia katika maharagwe ya mutu mpaka kwenye milango, na weye ukanigeukia kwa upole kabisa, "Mudogo, Maman Cibalonza iko wapi?" Tulicheka mpaka mwenye shamba naye akacheka, kisha akatupatia majembe. Tulimulimia hadi jioni, na mbio hatukumaliza.

Siku ya kumaliza matanga, familia ilikaa juu ya neno la gari. Tonton alisema irudishiwe viti, ibebe abiria wa Kadutu, kwa sababu vitu vya marehemu havikai bure, na tena musichana harithi gari. Sikumukasirikia sana. Ana watoto wengi, na ni yeye alikubeba mgongoni mpaka hospitali. Lakini nilisikia kama unazikwa mara ya pili. Nikasema nataka kukimbia nayo. Mama alisimama na beseni la nguo. Akasema, "Mara moja tu. Ukiirudisha nzima, ni yako. Ikivunjika, tonton wako ataichukua, na usinililie." Akatoka kwenda kuanika nguo.

Basi Jumapili, siku ya mbio, nilikaa katika kiti chako. Kiti changu kikabaki bure. Wenzako wa garaji walijitolea kunisomea njia, nikakataa. Labda ni kiburi. Labda sikutaka sauti ingine katika ile gari, sijui. Alama nilikuwa nimeweka mawe niliyopaka chokaa, maana mawe hayafukuzwi na chef. Nikajisomea mwenyewe, kwa sauti, kama mutu wa kurukwa na akili: kwenye bomba kushoto, kwa mwenye mbuzi tulia. Na kila nikimaliza kusema, nilingoja unijibu "ndiyo". Ulikuwa unajibu "ndiyo" kila mara, hata pale nilikosea.

Kwenye muteremko gari moja ikanipita, ikanimwagia vumbi lote machoni. Muguu ukaenda wenyewe kwenye mafuta. Nilikuwa na hasira, Yaya, hasira ya hospitali na ya kila kitu, na kona ilikuwa pale mbele. Kama ningemufuata, leo tonton angekuwa anafunga viti. Nikakanyaga breki nikilia. Wengine nao wakanipita. Nilifika karibu wa mwisho, lakini nilifika, na watu wa garaji wakapiga makofi kama nimeshinda.

Nilizima moteur nikashindwa kutoka. Nilijua nikifungua mukaba, imekwisha, na mutu wa kumusimulia hayupo. Nikaanza kukusimulia hapo hapo, kona kwa kona, mikono ikiwa bado kwenye usukani. Watu wakasogea mbali kwa haya. Kisha nikaona kitenge dirishani. Ni Mama. Aliniambia anaenda misa, kumbe alipanda gari ya Nyangezi kabla yangu. Alinisikiliza mpaka nikafika kona ya mwisho. Akaingiza mukono, akafungua mukaba.

"Shuka, mwanangu," akasema. "Mwenzako alishashuka."

Nilishuka. Mama alinishika kiuno. Akazunguka gari yote akiigusa, taa, milango, pine. Kisha akamupigia tonton simu, akamuambia ni nzima.

Kwa hiyo inabaki, Yaya. Nakuahidi sitaiendesha tena na hasira. Na mbio zinazokuja nitaacha mutu akae pembeni anisomee njia. Itaniuma kusikia sauti ambayo si yangu wala yako. Lakini akisema breki, nitamujibu "ndiyo", na nitakanyaga.

Lala vizuri.

Mudogo wako,
Nsimire