Rupia ya Maji ya Mtoto

Mjukuu wangu Festo,

Huku Ifakara tu wazima, ila babu yako magoti yanamsumbua. Mpunga wa shamba la Namawala tumewahi kuuvuna kabla ndege hawajaula. Dada yako amejifungua salama, mtoto wa kike.

Umeniambia ile rupia, sarafu ya enzi za Mjerumani, uliyonunua ni ya bandia, ingawa ulipoipima kwa mizani na kuitazama kwa lenzi ilionekana halisi. Unaomba ile ya bibi yangu uilinganishe nayo.

Haipo, Festo. Niliitoa mimi.

Bibi aliivaa shingoni. Kila mtoto wa ukoo akizaliwa, aliitumbukiza kwenye maji ya kumwogeshea. Alipopofuka, mimi ndiye niliyembadilishia uzi ukichakaa. Nilikuwa msichana alipokuja mgeni kwa treni, akitafuta rupia za kale. Nikampa ile ya Bibi, naye akanipa kitenge na rupia nyingine iliyofanana nayo kabisa. Nikaitia hiyo kwenye uzi mpya, nikamvalisha Bibi. Nilijiambia hakuna aliyepungukiwa.

Wiki ile ile mama akajifungua mdogo wangu. Bibi alishika rupia juu ya beseni, akaipapasa kwa kidole gumba, akaipapasa tena. Kisha akairudisha kifuani bila kuitumbukiza.

"Leo maji yanatosha," akasema.

Hakuniuliza neno mpaka anafariki. Tulimzika na hiyo ya mgeni. Kitenge sikukishona kamwe.

Basi usione haya, mwanangu, wewe ulidanganywa tu.

Jana nimemwogesha mtoto wa dada yako. Mkono ulikwenda wenyewe shingoni kwangu, kama wa Bibi, ukakosa cha kushika.

Ni mimi bibi yako, mkeo wa utani.