Chupa Moja, Macho ya Boma Zima

S.L.P. 87,
Oyugis.
9 Juni, 1996

Mpendwa wifi yangu Emmaculate,

Pokea salamu zangu zenye upendo mwingi. Je, hujambo? Natumaini baridi ya Nakuru haijakurudishia kile kifua. Sisi huku tuko hai, lakini wazima hatuko.

Wifi, ugonjwa wa macho mekundu umeingia boma. Watoto wa Priscilla, mke wa ndugu yake Oliver, waliutoa shuleni, kisha ukampata Valentine wangu. Asubuhi macho yake yalikuwa yameshikana kwa usaha, namwosha na maji ya uvuguvugu huku analia ananitafuta kwa mikono.

Kaka yako Oliver alinunua dawa ya matone, kichupa kidogo. Unajua nyumbani kwenu kitu hakiliwi na mtu mmoja. Nilimtilia mtoto, kikaenda kwa Priscilla, kikaenda kwa mama yenu, kikarudi kwangu. Mdomo wa chupa uligusa kope za kila mtu. Valentine alikuwa ameanza kupona, halafu akarudiwa vibaya kuliko mwanzo.

Nilimbeba mpaka dispensari. Sista akashika chupa akaniuliza, "Hii ni ya nani?" Nikasema ni ya boma. Akatikisa kichwa. "Mama, dawa ya macho si chumvi ya kuombana. Mmehamisha ugonjwa jicho kwa jicho." Akaitupa. Jicho la kulia la mtoto lina kidonda, wifi, kimeweka weupe katikati. Sista hajaniambia kama litaona. Amesema tu nisikose kutia dawa mpya, nioshe mikono, mdomo wa chupa usiguse popote, na asiitumie mtu mwingine yeyote.

Sasa hapo ndipo nimekwama.

Mama alikuja kwangu macho yake yakiwa kama pilipili. Akakaa kwa kigoda, akainua uso, akalifungua jicho kwa kidole. "Nitilie, mwanangu." Nikamwambia siwezi, nikamweleza yote ya sista. Alibaki ameinua uso vile vile, machozi yakimtoka. Mwisho akasema, "Nilikupokea hapa hujui hata kusalimia kwa lugha yetu, wewe binti wa Kisii, nyar Kisii. Leo unaninyima tone?"

Tangu siku hiyo haji kwangu. Chakula nikimpelekea kinarudi kimefunikwa vile vile. Nikifika mtoni Priscilla anawaambia wenzake, "Mpisheni, mwenye duka la dawa amefika!" Wanacheka. Oliver naye ananiambia, "Mtilie mama tone moja tu, kwisha maneno." Nimemwomba ampeleke mama dispensari, lakini mama amekataa kupanga foleni kutafuta kitu kilicho ndani ya nyumba ya mwanawe.

Naogopa, wifi. Mama pia ana macho, na ni mama yangu sasa. Lakini nikitoa chupa hii na jicho la mtoto likifa, nitamwambia nini akiwa mkubwa?

Jana nilifunika jicho lake zima kwa kiganja, nikapitisha kikombe chekundu upande wa jicho bovu. Aligeuza kichwa kidogo. Oliver anasema alisikia tu sauti yangu. Mimi sikuwa nimesema neno. Namwomba Mungu iwe ni kikombe alichokiona.

Kwa hivyo nakuomba jambo moja. Wewe ni binti yake, neno lako litamwingia. Nunua huko dawa kama hii, umtumie kwa mtu anayekuja, na juu ya chupa uandike kwa herufi kubwa: FILISTER. Hajui kusoma, lakini jina lake analijua. Akiona ni yake peke yake, ataelewa sikumnyima. Fanya haraka, macho yake yanazidi.

Nisalimie shemeji Orina na mtoto wenu Edith, na umwambie asikubali kuazimana leso shuleni. Mungu awafunike nyote, awalindie nuru ya macho yenu.

Ni mimi wifi yako akupendaye daima,
Kemuma, mama Valentine