Ndugu wa Kuandikishwa

Troyeville, Johannesburg
Ijumaa, baada ya Alasiri

Dada yangu Mayasa,

Shikamoo dada, na amani ya Mwenyezi Mungu iwe juu yako na nyumba yako. Mimi mzima, alhamdulillahi, ila mgongo tu, na mgongo wa fundi cherehani ukiacha kuuma ujue kazi zimekatika. Goti lako linaendeleaje? Shemeji je, kikohozi kimemwacha? Nisalimie wote wa Ngamiani, hata wale wasioniulizia. Huku baridi imeingia, asubuhi tunatoa moshi mdomoni kama wavuta sigara.

Utajiuliza kwa nini barua na simu ipo. Dada, simu zetu siku hizi zina masikio, na haya sitaki yapite kwa mtu yeyote kabla ya kufika kwako. Nimempa mwenzetu anayerudi Tanga kwa basi, atakuletea mkononi. Isome ukiwa umekaa, na mwanao Najma asiwepo.

Uliniuliza hizi alama ninazozitaja ni kitu gani. Nitakueleza kadiri darasa langu la saba linavyonifikisha. Serikali imeleta mpango, wanaujaribu kwanza kwenye mitaa yetu, kila mkaazi anapewa alama za mwenendo wake. Ukilipa umeme kwa wakati unapanda. Ukitupa taka unashuka. Ukivuka barabara robot ikiwa nyekundu, yaani zile taa za magari, unashuka. Kamera zinaona, simu inapeleka habari. Mwenye alama nyingi jina lake linaandikwa kwa kijani, wa katikati njano, wa chini nyekundu. Kijani anahudumiwa wa kwanza kila ofisi, na anaweza kumdhamini mgeni wake aje kusoma. Nyekundu hata chumba cha kupanga hapati.

Sitakudanganya, mwanzo tulifurahi. Mtaa ulisafika, watu wakawa na adabu mpaka ikatisha. Utamkuta mtu mzima alfajiri amesimama kwenye robot, hakuna gari wala paka, anasubiri taa. Masika, jirani yangu mwenye saluni, yule Mtanga mwenzetu mwenye mdomo, akawa anawabebea wazee mizigo kwenye ngazi, akimaliza anageuka kuitazama kamera. Nikamuuliza kama thawabu zake anaziandika malaika au yule pale juu ya nguzo. Akanijibu kwamba malaika hana haraka, lakini yeye leseni ya saluni anaitaka mwezi huu huu. Tukacheka. Tulikuwa tunacheka, dada.

Kosa letu tulilifanya siku ya kujiandikisha. Karani aliuliza, jamaa zako hapa mjini ni nani? Sasa muulize mtu wa Tanga aliye ugenini jamaa zake ni nani! Kila mmoja akamwandikisha kila mmoja. Masika alitaja watu mpaka karani akamuuliza kama babu yake alioa mji mzima. Mimi nikamwandikisha Salum, kwamba ni ndugu yangu. Hakuna aliyetuambia kuwa jamaa wanachangia alama, akianguka mmoja anawavuta wote.

Salum ni yule wa Pangani niliyewahi kukutajia, anayeuza vifuniko vya simu Doornfontein karibu na chuo. Mume wangu Mansour alipofariki, Mungu amrehemu, ninyi mlikuwa mbali, na yeye hapa hakuwa na mtu wa damu hata mmoja. Unajua kwetu anayeshuka kaburini kumpokea maiti ni wa karibu yake. Mimi nilikuwa nyumbani na wanawake wenzangu, nikahadithiwa. Ikaulizwa, nani wa marehemu? Salum akavua viatu akashuka. Alimpokea Mansour mikononi, akamlaza, akamwelekeza kibla, akamfungua kamba za sanda. Alikuja kunipa mkono wa pole udongo ungali kwenye nywele zake, akaniita dada. Toka siku ile hajaniita jina jingine.

Mwezi uliopita wakaguzi walitaka kumnyang'anya mama mmoja wa Kikongo gunia lake la karanga pale barabarani. Salum akalishika upande mmoja, wao wameshika upande wa pili, akawaambia wamwachie mama wa watu. Hakupiga mtu, hakutukana. Jioni jina lake likawa jekundu, na kesho yake sisi jamaa zake wote tukaamka njano.

Kwenye simu, pembeni ya jina la kila jamaa, pana neno Ondoa. Ukilibonyeza umetangaza kwamba huyu si wako, na alama zako zinarudi. Kabla ya Maghrib Masika alikuwa ameshabonyeza, na wengine wakamfuata. Ijumaa yake, wanaume wanasema, msikitini safu zilijaa bega kwa bega kama inavyotakiwa, isipokuwa kulia na kushoto kwa Salum, ambako paliachwa nafasi ya mtu kulala, maana simu yako ikikaa karibu na ya mtu mwenye nyekundu nayo inaandikwa. Imamu akasema zibeni mapengo. Akarudia. Hakusogea mtu.

Masika akaja kunibembeleza, akaniita walii wa Troyeville. Akasema mwanzo ndipo nilipodanganya, kwa kuwa Salum si ndugu yangu, kwa hiyo kubonyeza ni kusema kweli, na mimi mwenye tasbihi mkononi nitashindwaje kusema kweli? Maneno yake yalinikaa kooni kama mwiba wa samaki. Nikaenda kwenye ofisi ya hizo alama. Nilimkuta binti mpole, akaniomba uthibitisho wa undugu, cheti au jina la baba. Nikamwambia huyu alishuka kaburini kumpokea mume wangu. Akatazama kompyuta yake, akaniuliza hilo aliweke kundi gani, maana yeye ana wazazi, watoto, ndugu na ndoa. Nikamwambia kama hana kundi lake basi aongeze. Akashusha sauti kwa huruma, akaniambia nibonyeze tu mama, ni kidole mara moja, na mwenyewe hataambiwa nani kamwondoa.

Hata Salum alikuja. Alisimama mlangoni, simu ameiacha kwake, akaniambia nimwondoe, hatanilaumu. Nilimkaripia! Nikamwambia kama mimi ni dada yake basi dada ndiye anayesema, na dada anasema ingia ule, wali unapoa. Akaingia akala.

Sasa, Mayasa, kaa vizuri. Nafasi ya Najma chuoni mdhamini wake ni mimi, na mdhamini lazima awe kijani. Walinipa mpaka Jumatano. Najua umeshamshonea nguo na majirani wameshampa mkono wa kheri. Jumatano nikashika simu, nikasema bismillahi, kidole kikafika juu ya neno lile. Nikakiondoa. Nikazima simu nikarudi kwenye cherehani. Dhamana imefutwa. Najma haji, na aliyemzuia si serikali peke yake, ni mimi mdogo wako. Sikutaka uyasikie kwa Masika.

Usidhani sikumfikiria. Nimemwombea kila sujudu. Lakini nikimkana Salum leo kwa sababu si wa damu, nimeshakifundisha kidole njia. Najma angekuja, jina lake lingekaa chini ya langu, na mwanao namjua, akiona uonevu hanyamazi. Siku angelishika gunia la mtu, wangeniwekea neno lile lile pembeni ya jina lake. Ungependa mwanao alale nyumba ya mtu aliyekwisha kujua kubonyeza?

Kazi ya sare za shule wameninyima kwa ajili ya unjano wangu, lakini wateja wa mabuibui hawaulizi rangi. Mashine yangu ya pili naiuza, Najma aombe chuo cha hapo nyumbani, na nitamsaidia mpaka amalize, inshallah. Ukikasirika, kasirika, wewe ni mkubwa wangu, ni haki yako. Nipigie simu unigombeze kwa sauti, na wao wasikie. Ila usiniombe nibonyeze. Sitabonyeza.

Nibusie Najma, umwambie mama yake mdogo atampigia kumweleza mwenyewe. Shemeji na watoto wote salamu nyingi. Salum yuko hapa anakunywa chai, amesema nisisahau kukuandikia shikamoo yake, dada mkubwa. Habari ya Najma hajui, na usimwambie kamwe, maana akijua atakwenda mwenyewe ofisini kujikana. Nimempokelea shikamoo yake kwa niaba yako. Nimeitika marahaba.

Mdogo wako akupendaye,
Mwantumu